Mtoto wa Miaka Hamsini na Sita

Gwenda Tattersall, msimamizi wa ubora katika ofisi ya elimu maalumu ya halmashauri ya Oldershaw, alikuwa na ugonjwa ambao wenzake hawakuupenda: alisoma. Wao walitazama tarehe tu. Mpango wa msaada wa mtoto shuleni ukikamilika ndani ya wiki ishirini za kisheria ulipakwa kijani, ukichelewa ulipakwa nyekundu, na yaliyomo yalibaki siri baina ya karatasi na Mungu.

Ndivyo alivyoukuta mpango wa Elowen, msichana wa miaka tisa, kiziwi tangu kuzaliwa. Ukurasa wa kwanza, unaotakiwa kuwa maneno ya mtoto mwenyewe, ulisema: "Nikikasirika, napenda kusikiliza muziki." Mtu alikuwa amenakili mpango wa mtoto mwingine, akabadilisha jina basi. Mwalimu wa lugha ya alama, aliyeombwa na mama wa Elowen mwaka mzima, hakutajwa popote. Bila mwalimu huyo, shule zikifunguliwa Septemba, Elowen angekaa darasani akitazama midomo ya watu.

Gwenda akaupeleka kwa mkurugenzi, Nigel Postlethwaite.

"Tuufungue upya, bosi."

"Ukifunguliwa unakuwa mwekundu, na wakaguzi wanakuja Jumatatu. Usinitie balaa! Ngoja waondoke."

"Wakiondoka shule zitakuwa zimeshafunguliwa."

"Gwenda, kunywa chai yako."

Gwenda akanywa. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu.

Alhamisi kamati ilikaa kupitisha mipango kumi na mitano kabla chai haijapoa. Tarehe, kijani, sahihi. Tarehe, kijani, sahihi. Nigel alitia sahihi ya mwisho kwenye yote kumi na sita.

"Kumi na sita?" aliuliza mwanasaikolojia wa kamati.

Gwenda akauchukua ule wa juu, akasoma kwa sauti tamu: "'Jina langu Nigel. Nina miaka hamsini na sita. Napata shida kusubiri wenzangu wamalize kusema. Nikikasirika, nipewe mpira wa kubonyeza. Nikitulia nusu saa, nipewe biskuti moja.'"

Mwanasaikolojia alikohoa ndani ya kikombe. Karani aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Upuuzi gani huu!" Nigel aliruka. "Nani kaandika mambo yangu? Hakuna aliyeniuliza!"

"Hakuna, bosi. Ila mpango uko ndani ya wiki ishirini, na umeshautia sahihi." Akamsogezea mpango wa Elowen. "Huyu naye hakuna aliyemwuliza."

Nigel alisoma. Alipofika kwenye muziki uso ukamwiva kwa aibu, na Gwenda akamwonea huruma kidogo. Kidogo tu. Nigel akachukua kalamu, akaipaka safu ya Elowen kwenye jedwali la tarehe nyekundu kwa mkono wake mwenyewe.

Gwenda akampigia simu mama wa mtoto pale pale.

"Mpango wa Elowen sasa ni mwekundu, mama."

"Mungu wangu! Tumekosa nini tena?"

"Hamjakosa kitu. Kesho nakuja na mkalimani wa alama, nimwulize mwenyewe anataka nini."

Mama akasema polepole, "Miaka tisa, dada. Wewe ndiye wa kwanza kumwuliza."