Mama Chapa Achagua Kioo Cheusi

Ofisini kwa wakili hakuna aliyemwita mpiga chapa kwa jina lake. Alikuwa Mama Chapa, maana bosi akimsomea barua, yeye humaliza kuiandika kabla bosi hajafunga mdomo. Vidole kumi, wala haangalii chini. Wasichokijua ni kwamba siku hizi hata mbele haoni vizuri. Ukungu ulikuwa umetanda katikati ya macho yake, na kila mwezi ulizidi kuwa mzito. Wenzake aliwaambia miwani imevunjika, kisha miwani imesahaulika nyumbani. Mjukuu wake, aliyekula kwa mshahara wa kazi hiyo, naye hakuambiwa kitu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo Mama Chapa aliijua sana, lakini kazi je?

Kwenye kompyuta kuukuu aliponea mazoea. Picha ndogo ya kubonyeza ili kufungua programu ya kuandikia, ya pili kutoka chini, pembeni kushoto. Ya kuchapishia, juu yake. Sasa kompyuta ilikuwa inajikokota, na wakili akamwita fundi, binti mmoja mpole, aondoe mfumo wa zamani aweke mwingine uitwao Linux. Mama Chapa aliposikia, akajua mazoea yake yamekwisha.

"Mashine hii kumbukumbu yake ndogo," fundi alieleza. "Inataka sura nyepesi ya kioo, yaani namna ya kufungulia programu isiyoilemea. Nimeweka tatu, mama, uchague mwenyewe."

Sura ya kwanza ilikuwa na picha zilizopangwa chini.

"Unaziona, mama?"

"Naziona," alidanganya. Aliona ukungu wenye rangi.

Kwenye ya pili, picha zilikuwa ndogo zaidi. Wakili alikuwa nyuma yake, amekunja mikono, na Mama Chapa alihisi anachunguzwa kisogoni.

Ya tatu haikuwa na picha hata moja. Kioo kilikuwa cheusi tii.

"Hii ndiyo nyepesi kuliko zote," fundi alisema. "Kipanya cha nini? Shika kitufe hiki, bonyeza D, andika jina la programu, piga Enter. Dirisha la programu linajaa kioo kizima, nalo nimeliwekea rangi nyeusi lisiumize macho."

Vitufe! Moyo wa Mama Chapa ukaruka. "Naitaka hii."

"Wenzako wanataka picha, wewe unataka giza?" wakili alicheka. "Haya, tuone. Andika: Kwa heshima, naomba kesi iahirishwe hadi mwezi ujao."

Akabonyeza kwa kukumbuka maelekezo, vidole vikatimka. Kabla wakili hajainama kutazama, simu yake ikalia, akatoka kuipokea. Mama Chapa akashusha pumzi.

Fundi akamwinamia sikioni.

"Mama, ulikosea kitufe cha kwanza. Dirisha halikufunguka. Hapo kiooni hakuna hata neno moja."

Mama Chapa akaondoa vidole juu ya vitufe.

"Macho yameanza lini, mama?"

Kabla hajajibu, viatu vya wakili vikarudi. "Vipi, anaiweza?"

"Anaiweza, bosi," fundi alisema, na sauti ikamtetemeka. Binti wa watu hakuzoea uongo, na kazi yake nayo ilikuwa mikononi mwa bosi huyuhuyu.

"Mwache, mwanangu," Mama Chapa akasema. "Bosi, sioni. Huu mwaka wa pili."

Mama Chapa akageuka amtazame wakili usoni ajue ana hasira au huruma, lakini pale penye uso palikuwa na ukungu tu. Akarudisha vidole juu ya vitufe, akasubiri bosi aseme, kama anayesubiri kusomewa barua.