Picha ya Wagida Iliyoyeyushwa

Wagida, binti wa shangazi yangu Tafida, aliigiza picha moja tu ya sinema, enzi zile picha hazijapata sauti. Alikuwa bibi harusi anayefukuzwa na baba mkwe. Baba yake mzazi, Haji Ghaffar, muuza maharage wa Anfushi, Aleksandria, alipopata habari naye akamfukuza, kisha akachoma kila picha yake iliyokuwamo nyumbani. Baridi ilipoingia, kifua kikuu kilimuua Wagida katika chumba cha kupanga. Sisi tuliambiwa amekwishazikwa.

Shangazi hakulia mbele ya mumewe. Lakini aliposikia kuwa sinema ile bado inaonyeshwa mji wa Tanta, alinijia amejitanda shela.

"Twende, mwanangu. Uso wake umeanza kunipotea."

Haji tulimwambia tunakwenda kuzuru kaburi la walii, tukapanda treni.

Ukumbini tulimkuta mwonyesha picha, Bwana Fahmi, akimenya chungwa. Alipomsikiliza shangazi, chungwa likabaki mkononi.

"Umechelewa, mama. Ilichakaa, mwenye ukumbi akaiuza kwa watengeneza vitana; utepe wa sinema na vitana ni mali moja. Wameshaiyeyusha."

"Nyingine iko wapi?"

"Hakuna nyingine. Ilikuwa hiyo hiyo."

Shangazi akaketi kiti cha mbele, akakitazama kitambaa kitupu cha sinema.

"Basi nisimulie wewe. Umeiona mara nyingi."

Bwana Fahmi akamsimulia: Wagida alivyotoka na kifurushi cha nguo, alivyoinama kufunga kiatu ili wasimwone anavyotetemeka, alivyokwenda bila kugeuka nyuma.

"Alikuwa amekonda?" shangazi akamkatiza.

"Hata. Alikuwa na mashavu yake."

Tuliporudi, Haji alikuwa ameinamia sufuria ya maharage. Hakugeuka.

"Walii hajambo?"

"Hajambo."

Akakoroga weee. Kisha akasema taratibu, "Tafida, mimi si mtoto. Najua mlikokwenda. Mmemwona?"

Shangazi alinitupia jicho. Nikainamisha kichwa.

"Nimemwona."

"Analia?"

"Halii. Anafunga kiatu, anakwenda zake. Ana mashavu."

Haji akaweka mwiko chini, akajipangusa uso kwa mkono wa kanzu.

"Ijumaa nipeleke na mimi."

Shangazi akajifunika uso kwa shela. Ikabidi nimwambie mimi kuwa picha imeshayeyushwa. Harufu ya maharage yanayoungua ikajaa nyumba nzima, na hakuna kati yetu aliyeinuka kuyaepua.