Majiko Manne

Siku Malale alipotia kufuli kwenye mlango wa jiko lake, mtaa mzima wa Misunkumilo, mjini Mpanda, ulipata la kusema. Msukuma anafungia chakula! Mtu mwenye ng'ombe, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, anamfungia nani? Wakajijibu wenyewe: anamfungia mwanawe, binti wa miaka tisa.

Na ni kweli, alikuwa anamfungia Hana.

Hana alizaliwa mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Hakulia kwa nguvu, hakunyonya. Mama yake, Evaline, alikamua maziwa akamdondoshea mdomoni kwa kijiko, na mama mkwe wake akawa anapita mlangoni akiuliza tangu lini Wapimbwe, watu wa kabila la Evaline, wakajua kuzaa. Huyo mama mkwe watu wote pale nyumbani walimwita Mayu, yaani mama, hata wajukuu. Mtoto alichelewa kukaa, akachelewa kusimama, akachelewa kusema. Halafu alipofika miaka mitatu akaanza kula.

Alimaliza bakuli la uji, akalilamba, akalishikilia lisiondolewe. Mayu alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Akachinja mbuzi. "Damu ya kwetu imeamka," alisema.

Ila ilipoamka haikulala tena. Hana alikula akamaliza akatafuta kingine. Alikula mchele mbichi chini ya mashine ya baba yake. Alikula pumba. Alimnyang'anya mbwa ukoko. Alinenepa mpaka akilala anakoroma kama mzee, lakini viganja vyake vilibaki vidogo kama vya mtoto mchanga. Alijichokonoa mikono mpaka ikawa vidonda na hakulalamika. Siku moja alikanyaga msumari akatembea nao mpaka jioni. Shuleni wakamwita mwizi kwa sababu ya mihogo ya wenzake. Wengine walisema ana mdudu tumboni, wengine wakasema karogwa. Mayu alisema ni afya, watu wana wivu.

Evaline ndiye aliyekataa kunyamaza. Alimsumbua Malale wakaenda hospitali moja, wakaenda nyingine, mpaka wakafika Mwanza kwa daktari wa watoto aliyeitwa Pudensiana. Huyo hakuanza na unene. Aliuliza, "Alipozaliwa alinyonya?" Evaline akamtazama mumewe. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuwauliza hilo. Daktari akashika viganja vya Hana, akavigeuza, akachukua damu ikapelekwa nje ya nchi. Majibu yalichelewa sana. Yalipokuja, waliitwa.

"Unaitwa ugonjwa wa Prader-Willi," daktari alisema. "Ni wachache sana wenye nao. Baba Hana, ukila ukashiba, nani anakwambia umeshiba?"

"Tumbo."

"Tumbo linatuma habari, kichwa ndicho kinachokwambia. Sasa kichwa cha Hana hiyo habari hakiipati. Hapa alipo ana njaa. Akimaliza sahani ana njaa. Akilala ana njaa."

"Basi mpe dawa."

"Ya kuitoa hiyo njaa sina. Dawa yenu ni kufuli."

Malale alidhani anataniwa. Daktari hakucheka.

"Mpeni chakula chake, kidogo, mboga nyingi, kwa saa zilezile. Akishajua kwa hakika kwamba hakuna kingine popote, atatulia. Mkimpa cha katikati hata mara moja, atakitafuta kila siku. Wambieni ndugu wote, maana mmoja akivunja mmevunja wote. Na la mwisho msilisahau. Watoto hawa hawatapiki kirahisi, na maumivu hawayasikii kama sisi. Siku Hana atakapokataa chakula, msifurahi. Kimbieni hospitali."

Evaline aliuliza swali alilokuwa nalo tangu siku ya kijiko. "Kosa ni la nani?"

"Si la mtu yeyote, mama. Kuna kipande kidogo cha maelekezo ya mwili kilikosekana tangu mimba inatungwa. Hujala kitu kibaya, hujarogwa, na hakikutoka kwenye ukoo wako."

Evaline alilia njia nzima mpaka Mpanda, na Malale alijua si kwa huzuni tu.

Sasa, boma la Malale lilikuwa na nyumba nne zinazotazamana: ya Mayu, ya kaka yake Shadrack, ya mdogo wao Didace, na ya kwake. Kila nyumba ilikuwa na jiko. Jioni wanaume walikaa shikome, kwenye moto wa uwanjani, na kila mke alileta chakula chake pale, wakala pamoja. Watoto waliingia nyumba yoyote wakala walichokikuta. Hakuna mtoto aliyeulizwa umekula kwenu. Mtu mzima aliyemfukuza mtoto kwenye chungu alisemwa mpaka kaburini. Ndiyo kusema mtoto wa pale hakuwa na jiko moja. Alikuwa na majiko manne.

Malale alisimama shikome akawaeleza yote, neno kwa neno alivyoambiwa.

"Ugonjwa wa kutoshiba!" Shadrack alisema. "Mdogo wangu, mbona huo hata mimi ninao, muulize Jeniffer."

Jeniffer, mkewe, alicheka akiwa mlangoni. Malale hakucheka. Alisema, "Kaka, mtoto atakufa."

"Basi, tumekuelewa," Shadrack alisema. "Kwangu hapati kitu." Didace naye akakubali. Mayu alikuwa wa mwisho. Alisema taratibu, "Mwanangu, nimesikia. Jikoni kwangu hapati hata punje."

Malale aliwaamini. Mama aliyekuzaa akisema mbele ya moto, unataka akuapie nini tena?

Mwanzo ulikuwa mgumu. Hana alipiga kelele, alirusha vyombo, aligonga mlango wa jiko kwa paji la uso. Evaline alimkalisha chini, akamwonyesha jua: likifika pale, tunakula. Likifika kule, tunakula. Taratibu Hana akatulia. Nguo zikamlegea. Akaacha kukoroma. Siku moja alikimbia kutoka nyumbani mpaka kwenye mashine kumwita baba yake, na Malale akazima mtambo wateja wakiwa kwenye foleni ili amtazame tu. Hakuwahi kumwona akikimbia.

Halafu nguo zikaanza kumbana tena.

Malale alikagua kufuli. Zima. Akakagua dirisha la jiko. Zima. Alimuuliza Hana, akasema, "Sijala." Aliwauliza nduguze, wakashangaa pamoja naye. Mayu alikuwa anapembua maharage. Hakuinua uso.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na Evaline."

"Haya," Mayu alisema. "Mimi sijamtaja mtu."

Shadrack alikuwepo. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikitika. "Uchungu wa mama, Malale. Usimkasirikie sana."

Malale aliingia ndani akiwa ameshaamua. Alimuuliza mkewe, na jinsi alivyouliza haikuwa kuuliza.

"Mimi?" Evaline alisema. "Mimi niliyemdondoshea maziwa kwa kijiko?"

"Jiko halijavunjwa. Na mwenye ufunguo mwingine ni wewe."

"Na majiko mengine umeyauliza?"

"Usimwingize mama yangu humu."

"Sijamtaja mama yako. Wewe ndiye umemtaja."

Alivua ufunguo shingoni akauweka juu ya kinu. Alitaka kuondoka na Hana, Malale akakataa: mtoto haondoki na anayemuua. Neno hilo alilisema kwa sauti, na boma zima lililisikia. Evaline akaenda kwa kaka yake, mtaa wa Nsemulwa, na mfuko mmoja. Hakuna aliyetoka nje kumzuia, si Mayu, si Shadrack, si Jeniffer.

"Nitamwangalia mimi mchana, wewe nenda kwenye mashine," Mayu alisema. Malale alimshukuru mama yake mpaka machozi yakamtoka.

Siku ya balaa alirudi mchana kama kawaida, akafungua jiko, akamwekea Hana sahani yake: ugali mdogo, mchicha mwingi, kipande cha samaki. Hana aliitazama, akaisukuma.

"Sitaki."

Jeniffer alipiga makofi. "Haya! Kumbe kufuli lako linafanya kazi, shemeji! Leo kashiba!"

"Mungu mkubwa," Mayu alisema kutoka mlangoni kwake.

Malale alikumbuka neno la mwisho la daktari. Alimfunua Hana gauni. Tumbo lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma.

"Linauma?"

"Haliumi. Nataka kulala."

Alimbeba, akamfunga kwa kanga mgongoni kama anavyofanya mwanamke, akawasha pikipiki. Kabla hajaondoka alimpigia Evaline. Tangu alipoondoka hawakuwa wamezungumza. Alisema, "Hana kakataa chakula." Evaline akakata simu papo hapo. Malale alipofika hospitali alimkuta getini, pekupeku.

Evaline ndiye aliyemweleza daktari wa zamu, tangu kijiko mpaka Mwanza, bila kumwacha amkatishe. Daktari akawaita wauguzi, akapitisha mpira puani kwa Hana mpaka tumboni.

"Amekula nini leo?"

"Uji asubuhi," Malale alisema. "Basi."

"Huu si uji, mzee."

Kwenye beseni kulikuwa na maji machafu, na ndani yake vipande vilivyovimba, rangi ya kahawia. Malale aliinama, akaokota kimoja kwa vidole. Alikuwa amekula kitu hicho tangu hajaota meno ya ukubwani. Matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vikavu kama kuni. Ukivila vikavu kisha ukanywa maji, vinavimba tumboni. Wake za pale nyumbani walishaacha kuvitengeneza, walisema ni vya zamani. Alibaki mmoja tu anayeviweka kwenye chungu chini ya kitanda. Havina moshi, havina harufu, haviachi sufuria ya kuosha. Vinakaa vizuri kwenye mfuko wa gauni la mtoto.

Alimwonyesha Evaline kile kipande. Evaline alikitazama, akarudi kumshika Hana mguu.

"Tumbo limetanuka sana," daktari alisema. "Likipasuka tutakuwa tumechelewa. Mpira ukishindwa tutamfungua."

Wakakaa, kila mmoja upande wake wa kitanda. Alasiri ikaingia ndipo tumbo likaanza kulainika chini ya kiganja cha Evaline. Hapo ndipo Mayu na Shadrack walipofika. Mayu alikuwa amebeba hotipoti imefungwa kwa kitenge.

Malale aliwatoa mpaka kwenye korido. Evaline akafuata, akasimama mlangoni. Malale alifungua kiganja.

"Mayu. Hiki nini?"

Mayu alikitazama bila haraka. "Unakijua."

"Ulisema hata punje."

"Nilisema jikoni kwangu. Matobolwa hayapikwi jikoni." Kisha sauti ikapanda. "Alikuwa analia, Malale! Anakuja anasimama mlangoni, ananitazama. Mjukuu wangu, nimfukuze kama mbwa? Ni kidogo tu nilimpa!"

"Kila siku?"

"Kidogo tu."

Shadrack aliingilia. "Mdogo wangu, punguza ukali, huyo ni mama. Na kama ni kusema kweli, hata mimi nilimpa. Jeniffer alimpa. Didace naye sidhani kama alimnyima. Mtoto akisimama mlangoni utafanyaje? Kila mtu alidhani ni yeye peke yake anayempa. Hatukukaa kikao."

"Kikao tulikaa," Malale alisema. "Shikome. Mlikubali."

"Tulikubali ili ukae chini ule. Ulikuwa umesimama kama mchungaji."

Malale alimtazama kaka yake aliyemfundisha kuswaga ng'ombe, aliyemwachia blanketi walipohama kutoka kaskazini wakiwa watoto. Kisha akamgeukia mama yake.

"Na Evaline? Nilipomwambia ni muuaji, wote mlikuwa uwanjani. Mlinisikia."

Shadrack aliangalia sakafu. Mayu hakuangalia sakafu.

"Mke anapatikana," alisema. "Ningekwambia, ungenifungia mimi mlango. Mjukuu wangu angekaa na njaa, na mimi nikimsikia."

Kule kwenye moto, kwenye maharage, kwenye machozi yake ya shukrani, mama yake alikuwa amepima, akachagua. Malale alitaka kupaza sauti. Alisema tu, "Rudi na hicho chakula, Mayu."

"Ni cha kwako. Hujala tangu asubuhi."

"Rudi nacho."

Hakuwa amewahi kukataa chakula cha mama yake. Shadrack alishtuka kana kwamba mtu amepigwa kofi. Mayu aliikumbatia hotipoti kifuani, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

Ndani, Hana alikuwa amefumbua macho. Aliisikia ile sauti.

"Mayu! Umeniletea?"

"Nimekuja, mjukuu wangu."

"Njoo! Baba mbaya, ananifungia. Njoo wewe!"

Mayu alipiga hatua. Malale akasimama katikati ya mlango, mikono kwenye miimo yote miwili. Nyuma yake mtoto alianza kulia, akimwita bibi yake kwa majina yote mazuri aliyonayo, na baba yake kwa mabaya. Malale hakugeuka. Alikaa hivyo mpaka nyayo za mama na kaka yake zikaisha koridoni.

Evaline alikuwa ameshika mikono ya Hana asiuvute mpira. Alizungumza bila kumtazama mumewe.

"Boma lile sirudi."

"Najua. Nitatafuta nyumba mtaa wa Majengo."

"Nyumba ya namna gani?"

"Yenye jiko moja."

Hana aliendelea kulia.