Pembe Niliyomwongezea Ganesha

Mimi nikishika kazi siiachi mpaka inyooke. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa, na ushahidi wake ni mlango wa karakana yangu. Miezi miwili tangu nifungue, mlango hauna jina, kwa sababu kila nikiandika herufi zinakwenda upande, nami nazifuta. Watu wanapita wakidhani ni stoo.

Kwa hiyo Mama Vitambaa, jirani yangu Mhindu, aliponiletea sanamu yake ya Ganesha, niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa ya plasta: mungu mwenye kichwa cha tembo na kitambi cha mtu aliyeshiba, panya mdogo miguuni pake. Ilikuwa imeanguka kutoka rafuni, sikio likavunjika.

"Sikio tu, fundi," alisema. "Kesho saa nne binti yangu anafungua duka lake la ushonaji, na sisi hatuanzi jambo kabla ya kumwomba huyu. Ndiye anayeondoa vikwazo njiani."

Sikio lilinichukua nusu saa. Halafu nikaona pembe ya kulia: imekatika! Nikamhurumia mama wa watu, kumbe hata hakuiona. Nikamchongea nyingine, nikaipiga msasa, nikaipaka rangi mpaka usingejua ipi ni mpya. Nililala najipongeza.

Saa tatu asubuhi alifika na binti yake, wamebeba maua na taa ndogo ya mafuta. Nikafunua kitambaa kwa mbwembwe. Mama akashika mdomo.

"Fundi! Umempa pembe mbili!"

"Zawadi yangu, mama."

"Zawadi gani! Huyu pembe yake moja imekatika siku zote, tena aliivunja mwenyewe. Alikuwa anaandika maneno ya mzee mmoja mwenye hekima, na walikubaliana hakuna kusimama. Kalamu ikakatika. Akavunja pembe, akaichovya kwenye wino, kazi ikaendelea. Sasa huyu wa kwako ataandikia nini?"

Binti akaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Saa moja tu ilikuwa imebaki.

"Ivunje," mama akasema.

Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya! Niliumia, sifichi. Nikachukua rula, nikapima, nikachora mstari, nikafuta, nikachora tena.

"Fundi," binti akasema taratibu, "yeye hakupima."

Nikaona haya. Nikaishika pembe, nikafumba macho, nikaivunja. Ilikatika upande, vibaya kabisa, na mama akapiga makofi.

"Sasa ndiye mwenyewe!"

Palepale juu ya meza yangu, katikati ya vumbi la plasta, walimvisha maua, wakawasha taa, mama akaomba kwa sauti ya chini. Alimwombea binti na cherehani zake. Kisha akanitupia jicho, akaniombea na mimi. Wakambeba mungu wao, wakaondoka mbio huku wakicheka.

Kipande cha pembe kilibaki mkononi mwangu. Pale kilipokatika kilikuwa cheupe kama chaki. Nikatoka nje, nikasimama mbele ya mlango, nikaanza kuandika nacho jina la karakana.

Herufi ya tatu ilikwenda upande. Mkono ulitaka kufuta. Nikaandika ya nne.