Kayaki Isiyosahau

Jana usiku niliota navuka ghuba kwa kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, kanzu mwilini, naenda kisiwani kumwozesha binti yangu Raya. Wiki iliyopita nilikuwa nimeapa siendi. Lakini bila mkono wa baba hakuna ndoa, na kadhi ameshakaa.

Upepo unapiga ubavuni. Kayaki ikipigwa ubavuni hugeuza pua kuukabili upepo. Ndivyo zilivyo zote. Yangu inageuka na kuuliza, "Umesemaje wewe?"

"Nimesema," upepo unajibu, "babu yake bwana harusi ndiye aliyewafungia njia ya pwani kwa seng'enge."

"Najua!" napiga kelele. "Na ufunguo wa geti akauficha kwenye soksi!"

Basi bahari inakuwa ukumbi wa mkutano. Napiga kasia katikati ya viti, naujibu upepo hoja kwa hoja. Viti vinashangilia. Kisiwa kinazidi kwenda mbali.

Nyuma yangu mtu anakohoa. Ni usukani wa kayaki, umekunjwa juu kama mkia wa jogoo.

"Baba Raya, utanishusha lini?"

"Usukani ni wa wasiojua kupiga kasia."

"Haya, bwana mjuzi. Mwenzio Raya analia, wanja wote umeshuka."

Naushusha. Unaingia majini na kunikamata kanzu kwa nyuma.

"Haya, nigeuze."

"Mimi sigeuzi mtu, mimi hushikilia. Upepo na utukane, wewe piga kasia."

Upepo unaleta yote: seng'enge, mbwa waliotufukuza, mama yangu akizunguka njia ndefu na tenga la dagaa kichwani. Yote kweli, na sisamehe hata moja. Lakini kanzu imeshikwa, pua haigeuki, nami nalia huku nasonga mbele.

"Nalia kwa hasira," nauambia usukani.

"Lia, kipenzi. Ila miguu ikanyage pedali sawasawa, ndiyo inayoniongoza."

Ghafla niko sebuleni, kayaki imekaa juu ya mkeka. Kadhi hashangai. Bwana harusi, Nassir, ananinyooshea mkono.

"Baba, mimi seng'enge hata kuishika sijawahi."

"Najua, mwanangu. Kesho utaishika, tukiing'oa."

Nampa mkono. Raya anajipigia vigelegele mwenyewe, jambo lisilofanywa na bi harusi yeyote.

Nikaamka. Simu ilikuwa inaita. Raya, ambaye hakunipigia tangu nile kile kiapo.

"Shikamoo, baba. Nassir kanipigia, ameamka kiganja kimejaa chumvi. Eti anauliza, kashikana mkono na nani?"

Nikanusa kiganja changu. Kilinukia marashi ya kiume, nami sijapata kununua marashi maisha yangu.

"Marahaba, mama. Mwambie ni mkwewe."