Joto la Shemeji Thobias

Dada yangu Kristina aliolewa na mtu anayejua kila kitu. Thobias alipostaafu Dar alijenga nyumba juu kidogo ya Bigwa, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu unashuka mpaka mlangoni. Badala ya kununua sweta kama watu wengine, akaamua kupambana na baridi. Alilitoa jiko la gesi jikoni akaliweka sebuleni, mtungi nyuma ya kochi, likawa linawaka kutwa. Madirisha akayaziba kwa utepe wa gundi, na chini ya milango akasokomeza matambara.

"Mkaa ni wa washamba," alituambia. "Gesi haina moshi, kwa hiyo haina madhara."

Nilikuwa nimempeleka mama huko, ameteremka kutoka kijijini kwetu mlimani kutibiwa magoti. Thobias alimwamkia shikamoo macho yakiwa kwenye simu, wala hakungoja marahaba.

Kesho yake mama akalalamika kwamba kichwa kinamgonga na tumbo linamchafuka. Kristina naye vivyo hivyo. Nikaangalia jiko. Moto ulikuwa wa njano, na birika limejaa masizi. Niliwahi kusikia redioni kwamba moto wa gesi ukigeuka njano ndani ya chumba kilichofungwa, ujue hewa imepungua na jiko linatoa sumu ambayo huwezi kuinusa. Nikamwambia Thobias.

"Happiness, rangi ya moto inategemea gesi ya kampuni gani," alinijibu, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

Nikaenda kufungua dirisha. Akanizuia.

"Unataka nichome gesi kuipasha moto milima yote ya Uluguru?"

Akacheka. Alicheka peke yake, na hilo halikumsumbua.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa uani nafua. Nikamwita Kristina aniletee sabuni, kimya. Nikaingia ndani. Mama alikuwa amelala kochini, mdomo wazi. Kristina yuko sakafuni, anajaribu kuinuka na miguu haimtii. Nikazima jiko, nikafungua mlango wa mbele, nikamshika mama kwapani nikamburuta mpaka barazani.

Thobias alikuwa hapo hapo barazani, anaongea na simu. Alikuwa akimsimulia mwenzake wa Dar jinsi nyumba yake ilivyo na joto. Aliponiona na mama mikononi aliinua kidole nisubiri amalize.

Sikusubiri. Nilirudi kumchukua dada yangu, kisha nikapiga kelele mpaka jirani akaja na gari.

Hospitalini waliwekewa oksijeni wote wawili. Daktari, dada mmoja mpole, akauliza kama ndani kulikuwa na jiko linalowaka. Thobias akadakia.

"Huyu mama ana presha, daktari. Kijijini wanakula chumvi sana."

Kristina akaisogeza barakoa ya oksijeni pembeni. "Mama hajawahi kuwa na presha. Ni jiko lako."

Tangu hapo daktari hakumtazama tena Thobias. Alitugeukia sisi akatueleza: gesi itumike kupikia jikoni, dirisha likiwa wazi, na jiko lolote, la gesi au la mkaa, lisitumike kupasha joto chumba kilichozibwa. Baridi ina mablanketi na mapazia mazito. Thobias alitikisa kichwa kukubali kila neno, kana kwamba yeye ndiye aliyemtuma aseme.

Walipona. Kristina alilirudisha jiko jikoni kwa mikono yake, akabandua gundi yote, na mumewe hakuthubutu kukohoa.

Sasa kila Jumapili baada ya misa Thobias anasimama nje ya kanisa akiwafundisha watu hatari za gesi. Rangi ya moto anaitaja, masizi anayataja, dirisha la kufungua analitaja. Na anasimulia alivyomtoa mama mkwe wake ndani kwa mikono yake mwenyewe.

Juzi mama alimsikia. Nilitaka kwenda kumkatiza, akanishika mkono.

"Mwache," alisema. "Ya dirisha anasema kweli. Hayo mengine nani anamsikiliza?"

Tukaondoka zetu, Thobias bado anaongea.