Stesheni ya Slivets Yaenda Harusini

Asubuhi ya harusi yake, Rusanka, msimamizi wa stesheni ya Slivets, alifagia ukumbi wa abiria kama kawaida, akamwagilia maua ya dirishani, akatoka na bendera kuipisha treni ya mji mkuu. Treni ikapita bila hata kupunguza mwendo. Wakubwa wa reli walikuwa wameamua kwamba Slivets haina abiria, ingawa stesheni hiyo ilikuwa imesafirisha plamu za bonde zima tangu enzi za mfalme, ikapeleka vijana jeshini, ikapokea telegramu na vifurushi, na wakati mmoja wa theluji kali mwanamke alijifungulia ukumbini, kando ya jiko la kuni.

Bwana harusi, Metodi, alisimamia stesheni ya Kamenar, upande wa pili wa mlima. Kwa miaka mingi alikuwa akimpigia Rusanka simu ya reli kumwarifu kwamba treni imetoka. Baadaye, wote wawili walipokwisha kufiwa na wenzi wao, wakaanza kuulizana wamekula nini. Siku moja Metodi akasema, "Imetoka. Na wewe, Rusanka, utatoka lini?"

Sasa mvua ilikuwa imeporomosha barabara ya mlimani, njia pekee ya kwenda harusini Kamenar. Hata hivyo wageni walikuja stesheni na sinia za banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini, chupa za rakia, pombe kali ya plamu, na mpiga zumari.

"Shoga, tunasubiri nini?" aliuliza jirani yake, Genoveva. "Treni isiyosimama?"

"Ingieni mkae," alisema Rusanka. "Hapa si ndipo pa kusubiria?"

Walipokwisha kukaa, stesheni ikainuka kwenye msingi wake, ikajiweka relini, ikaondoka. Rusanka alipuliza kipenga, kwa kuwa kanuni ndivyo inavyotaka.

"Funga dirisha hilo!" Genoveva alimfokea mpiga zumari. "Nywele hizi zimenikalisha saluni tangu alfajiri!"

Huko Kamenar, Metodi alikuwa ameizuia treni ya kurudi kutoka mji mkuu ili stesheni ipite. Abiria walichungulia madirishani.

"Hiyo inakwenda wapi?" mmoja aliuliza.

"Imeshafika," alisema Metodi, akifunga vizuri tai yake. "Ni mke wangu."

Rusanka alishuka ngazini, akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni. Katika simu alikuwa na sauti ya mtu mrefu.

"Mbona mfupi hivi?"

"Ungekuja mapema ungenikuta mrefu."

Rusanka alicheka mpaka akalazimika kumshika bega. Abiria wa treni nao walishuka, wakashikana mikono na watu wa Slivets, wakacheza duara refu kulizunguka jengo lote.

Wakubwa wa reli walipopata habari, walitoa tangazo: Slivets haina abiria, na treni haitasimama. Rusanka alilibandika ukumbini, karibu na dirisha. Watu hulisoma njiani, stesheni ikiwapeleka sokoni.